Judo: "ju" maana yake nini, na kwa nini somo la kwanza ni kuanguka

Judo ni neno la Kijapani lenye vipande viwili: do ni njia, na ju ni ulaini, hali ya kunyumbuka. Ukiwatazama watu wazima wanavyobwagana mkekani utajiuliza huo ulaini umejificha wapi.

Sisi tuna msemo, mwenye nguvu mpishe. Ju inaanzia hapo hapo, ila unampisha huku umemkamata ukosi. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliieleza kwa hesabu. Tuseme mwenzako ana nguvu 10, wewe una 7. Akikusukuma nawe ukakaza, utarudi nyuma tu, hata ukizitoa zote 7. Lakini ukirudi kwa kadiri anavyosukuma, nguvu zake zinakosa pa kuegemea na mwili unamfuata mbele. Akishayumba hivyo, zile 10 zimebaki labda 3, nawe 7 zako unazo. Huko kumyumbisha mtu kabla ya kumtupa kunaitwa kuzushi (hakuhusiani na uzushi wetu), na anayeanza karibu kila mara hukuruka: anarukia kutupa mtu aliyesimama imara, anaishia kuumia kiuno.

Kano alifungua chuo chake, Kodokan, mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Alikuwa na umri wa miaka 21, na ukumbi wenyewe ulikuwa wa mikeka 12. Kabla ya hapo alisomea jujutsu, mapigano ya enzi za samurai, yenye ngumi, mateke na mbinu za kuvunja viungo. Mbinu za hatari hakuzitupa. Aliziweka kwenye kata, mazoezi ambayo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Zilizobaki zikaenda kwenye randori, ambako mnashindana kweli na hakuna aliyepangiwa kuanguka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Mbinu usiyothubutu kuijaribu kwa nguvu zako zote kwa mtu anayekukatalia, huwezi kujua kama unaiweza.

Lakini ili watu wabwagane kwa nguvu zote leo na kesho warudi, lazima pawe na masharti. Ndiyo maana wiki za mwanzo unafundishwa ukemi, yaani kuanguka. Kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisiguse chini, na mkono unaupiga mkekani, kiganja chini, ili kishindo kisambae. Usichofanya ni kutanguliza mkono kujizuia. Mwili wenyewe unataka kufanya hivyo, na ndivyo vifundo vya mikono na viwiko vinavyovunjika.

Sharti la pili ni kugonga. Umelaliwa, mkono wa mwenzako umepita chini ya kidevu, ukosi wa nguo yako mwenyewe unakukaza shingo. Pumzi bado unavuta, ila damu ya kwenda kichwani imebanwa, na kuzimia ni suala la sekunde chache. Unamgonga mara mbili mwilini, au unagonga mkeka. Mikono ikiwa imefungwa, unagonga kwa mguu au unasema "maitta", nimeshindwa. Anaachia papo hapo. Haongezi kidogo kukufunza adabu, wala hasubiri mwalimu aseme. Asiyegonga kwa kiburi atazimia. Asiyeachia ni mbaya zaidi, maana ameuharibu mkataba unaowawezesha wote kufanya mazoezi.

Mwaka 1922 Kano aliyafupisha mafundisho yake kwa kauli mbili. Seiryoku zenyo ni kutumia nguvu pale zinapofaa zaidi, na ndiyo ile hesabu ya 10 na 7. Jita kyoei ni kustawi kwa pamoja, mimi na mwenzangu. Ya pili wengi huidhani nasaha ya kupamba ukuta, kumbe ni jambo la kazi kabisa: bila mtu wa kukukopesha mwili wake uubwage mara hamsini, huna pa kujifunzia.

Kwa hiyo ukitafuta ukumbi wa kumpeleka mtoto, medali za kabatini zisikushughulishe sana. Kaa pembeni nusu saa, ungoje mtoto mmoja agonge. Mwenzake akichelewa kuachia, mtazame mwalimu: kama hakusimamisha mchezo, tafuta ukumbi mwingine.