Gundi ya nyuki na saratani: CAPE inafanya nini, na inakwama wapi

CAPE ni kitu gani?

Ni kemikali moja kati ya mamia yaliyomo kwenye propolisi, ile gundi ya kahawia ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Jina refu ni esta ya fenethili ya asidi ya kafeiki (si kafeini, msichanganye). Nyuki hawaitengenezi. Wanaikwangua kwenye machipukizi ya miti, hasa mipopla ya nchi za baridi. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha maabara kwamba inadhuru seli za saratani kuliko seli za kawaida.

Inatulizaje uvimbe?

"Uvimbe" kwa Kiswahili hubeba mambo mawili: donge la saratani, na ile hali ya joto, wekundu na maumivu. Hapa ni hiyo ya pili. Ndani ya seli kuna protini iitwayo NF-kB, ambayo kwa kawaida hufungiwa nje ya kiini. Kijidudu kikiingia au mwili ukijeruhiwa, inafunguliwa, inaingia kwenye kiini, inashika DNA na kuwasha jeni za uvimbe. Mwaka 1996 watafiti wa Texas walionyesha kuwa CAPE huizuia isiwashe jeni hizo. Saratani nyingi huiacha swichi hiyo ikiwaka muda wote ili seli zake zisife, na hapo ndipo mambo hayo mawili yanapokutana.

Basi kwa nini si dawa ya saratani?

Kwa sababu ya kipimo. Katika jaribio hilo la 1996, NF-kB ilizimwa kabisa kwa mikrogramu 25 kwa kila mililita. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, kwa hiyo ungehitaji takriban miligramu 125 za CAPE tupu zielee kwenye damu kwa wakati mmoja, achilia mbali zinazopotelea tumboni, kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili. Matone ya propolisi hayakufikishi huko. Tena ni esta, yaani asidi na alkoholi zilizounganishwa: vimeng'enya huikata, na kwa panya huondoka kwenye damu haraka sana. Anayekuambia "imethibitishwa kuua saratani" anasoma habari za sahani ya maabara, si za mgonjwa.

Propolisi ya kwetu inayo?

Usiihesabie. Nyuki hukusanya utomvu wa miti iliyo karibu, na mipopla ya asili Afrika Mashariki ni adimu. Mmoja hukua kandokando ya Mto Tana. Hata propolisi ya kijani ya Brazil, maarufu kote, sifa yake kuu ni kemikali nyingine, artepilini C. Chupa isiyoonyesha kipimo cha maabara haikuambii chochote kuhusu CAPE.

Nikitengeneza matone ya kusukutulia koo nyumbani?

Gandisha propolisi mpaka ivunjike kama kioo, isage, kisha loweka gramu 30 kwenye mililita 100 za etanoli ya daraja la chakula ya asilimia 70. Tikisa kila siku kwa wiki 2 gizani, chuja, hifadhi kwenye chupa ya kahawia. Maji peke yake huacha utomvu mwingi chini, CAPE ikiwemo, na pombe kali ya dukani ya asilimia 35 ni hafifu. Spiriti ya kuwashia jiko usiiguse kabisa: huwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Usichukue pia propolisi ya mzinga uliopakwa rangi au ulio kando ya barabara kuu, maana hunasa risasi, ile metali yenye sumu.

Nani asitumie?

Mwenye mzio wa propolisi au wa mazao mengine ya nyuki, na mwenye pumu akae mbali. CAPE yenyewe ni miongoni mwa vinavyoamsha mzio wa ngozi, kwa hiyo kuwa "asilia" hakukukingi. Pakaa tone moja ndani ya mkono, subiri siku 2 au 3. Ukiwashwa au ukitoka vipele, acha. Anayetumia warfarini au aspirini (dawa zinazopunguza damu kuganda), au anayesubiri upasuaji, amuulize daktari kwanza, kwa kuwa CAPE imeonekana maabara kupunguza kushikana kwa chembe sahani za damu.

Aliye kwenye kemotherapi au mionzi aipeleke chupa kliniki, isomwe lebo yake kabla ya tone la kwanza.