Kukagua nyumba kabla ya kununua maana yake nini hasa?

Wengi wakisikia kukagua nyumba wanafikiria kule kuzunguka na dalali, mnafungua milango, mnasema sebule kubwa, jiko zuri, basi. Huko ni kutembezwa tu. Ukaguzi wenyewe ni pale mnunuzi anapomlipa mtu anayeyajua majengo, asiyefaidika na mauzo, aingie humo masaa mawili matatu aangalie paa, dari, kuta, msingi, bomba, umeme, maji taka yanakoelekea, halafu akuandikie ripoti yenye picha.

Usichanganye na uthamini. Mthamini anakwambia nyumba ina thamani gani, mara nyingi kwa ajili ya benki, hapandi juu kukutafutia bati lililotoboka. Na hati za umiliki ni kazi ya mwanasheria.

Chukua nyufa. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu ilivyokauka, hauna neno. Ila ule unaoanza kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari, au unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali, na sarafu inaingia humo, hapo mkaguzi anasimama anatoka nje kuangalia kama umetokea na upande wa pili, maana huenda msingi unatitia. Rangi ikibanduka chini ya ukuta na kuna unga mweupe kama chumvi, mara nyingi ni maji yanapanda kutoka ardhini. Na ukikuta ukuta mmoja tu ndio umepakwa rangi juzi juzi, zingine zimechakaa... mimi ningeuliza.

Atafungulia bomba zote kwa mpigo kisha aflashi choo aone presha inashuka kiasi gani, atachomeka testa kwenye soketi ajue kama waya wa ethi (ule wa kukukinga usipigwe shoti) upo kweli au ni tundu la urembo.

Asichofanya ni kuvunja ukuta au kung'oa vigae. Bomba lililofukiwa kwenye zege likivuja kidogo kidogo linaweza kumpita, na mkaguzi mzuri anaandika kabisa sehemu ambazo hakuziona. Tena hakuna kufaulu wala kufeli hapa, kasoro zipo kila nyumba, hata mpya (mpya ndio usiseme, mafundi wanalipua). Unapewa kasoro na uzito wake, uamuzi wako: upunguziwe bei, muuzaji atengeneze kwanza, au uachane nayo. Ndio maana inafanyika kabla hujasaini, na kama lazima usaini, basi mkataba useme wazi kwamba ikionekana kasoro kubwa unajitoa na advansi yako inarudi.

Mkaguzi mtafute mwenyewe, sio wa kuletewa na dalali ambaye hapati chake mpaka nyumba iuzike. Na siku hiyo nenda, ripoti itakuandikia tu "unyevu, ukuta wa chumba cha nyuma" lakini ukiwepo atakwambia weka kiganja hapa, usikie ubaridi wake.