Madumu ya Hazoumè si taka

Ninafundisha historia ya sanaa hapa Dar es Salaam, na kila tukifika kwa Romuald Hazoumè wa Benin, hakosi mtu wa kusema, "Aa, kumbe ni sanaa ya taka." Jina hilo silikubali hata kidogo.

Hazoumè, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962, hutumia madumu ya plastiki. Anakata dumu na kubakiza sehemu ya juu: pale pa kumiminia panakuwa kinywa, mshikio unakuwa pua, na sura ya mtu inakutazama. Watazamaji wengi hufurahia ufundi huo, wakaondoka. Lakini katika sanaa ya dhana, ambayo wazo ndilo kiini cha kazi, lazima tuulize: kwa nini dumu, isiwe ndoo?

Kwetu dumu ni la maji, liko kwenye mkokoteni Manzese au Buguruni. Kwao hubeba petroli ya magendo inayotoka Nigeria kwa pikipiki. Na dumu lenyewe huchomwa kidogo kwenye moto ili plastiki ilainike, litanuke, liingie mafuta mengi zaidi. Linazidi kuwa jembamba, na kazi inaendelea, mpaka siku linapasuka.

Edward Saidi Tingatinga naye alitumia vitu vya kawaida, hadibodi na rangi ya baiskeli, lakini chui wake ungemhamishia kwenye turubai angebaki chui. Kwa Hazoumè, ondoa dumu uone kama kuna kinachobaki.

Ndiyo maana kazi yake ya La Bouche du Roi, ya 1997 hadi 2005, inanigusa kuliko zote. British Museum waliinunua mwaka 2007. Madumu 304 yamebanana sakafuni kwa umbo la Brookes, meli ya Waingereza ya kusafirisha watumwa. Majina ya watu yanaitwa, kwa Kiyoruba na lugha nyingine. Kuna harufu ya tumbaku na viungo, kisha uvundo. Waliojazwa humo walitumika kama dumu linavyotumika: kubebeshwa hadi kupasuka.

Na kwenye tezi, yaani nyuma ya meli, kuna vinyago viwili, mfalme Mzungu na mfalme Mweusi. Hazoumè hakumficha Mwafrika aliyeuza watu. Bagamoyo haifiki kilomita 100 kutoka hapa, na misafara ya watumwa iliyoishia pale ilikuwa na wafanyabiashara wa bara pia. Natamani sana msanii wetu mmoja aliguse hilo, kwa kitu cha hapahapa.