Fundi anayetoka gerezani anahitaji nini zaidi ya cheti

Kazi yangu ni kuwaandaa wafungwa wanaokaribia kumaliza vifungo vyao na kuwapokea wakishatoka, hasa wale wa Shimo la Tewa, gereza lililo karibu na hori ya Mtwapa hapa Pwani ya Kenya. Wengi wanaosikia habari za kazi hii huniuliza kama wafungwa hufundishwa ufundi wowote huko ndani. Wanafundishwa. Magereza mengi ya Kenya yana karakana za useremala, ushonaji, uchomeleaji na uashi, na wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Baadhi yao hutoka wakiwa mafundi hodari kweli. Kinachowaangusha ni mambo yanayouzunguka ufundi huo, na huko ndiko ninakotaka nguvu za miradi yetu zielekezwe.

Mchukue seremala aliyekaa ndani miaka sita. Amejua kupiga randa, kuunga mbao na kupaka vanishi, na mlango anaoutengeneza hauna kasoro. Muulize mlango huo ni shilingi ngapi, atanyamaza. Gerezani mbao zililetwa, kazi iligawiwa na afisa, na samani zilipokamilika zilichukuliwa; hakuwahi kwenda kuchagua mbao mwenyewe na kuhesabu futi, kumtajia mteja bei, wala kupokea arubuni na kuilinda isiishie kwenye unga na nauli. Ndiyo maana katika mafunzo yetu ya mtaani sehemu kubwa ya muda huenda kwenye hesabu ya kazi. Tunaweka stuli katikati ya darasa, na kila mmoja huandika gharama ya mbao, misumari, gundi, msasa na usafiri, kisha hutaja bei. Mara nyingi wanachosahau ni kuhesabu jasho lao wenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi jasho hilo halikuwa na bei ya maana.

Jambo linalotusaidia sana, na ambalo halitumiwi inavyostahili, ni kwamba siku ya kutoka hujulikana mapema. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, humpa mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa kwa makosa fulani mazito. Aliyefungwa miaka tisa, kwa hesabu hiyo, anatazamia sita. Basi hakuna sababu ya kungoja lango lifunguliwe ndipo mtu aanze kutafuta kitambulisho. Mara nyingi kitambulisho kilipotea wakati wa kukamatwa na laini ya simu ilishafungwa zamani. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini nyingine, na bila laini hana M-Pesa, ilhali wateja wake wengi hawalipi kwa njia nyingine. Nimeona mafundi wazuri wakikwama hapo kwa wiki nyingi, wakiishi kwa kuombaomba kwa ndugu.

Cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai ni kizuizi cha aina nyingine, kwa sababu waajiri rasmi hukidai na hukumu huonekana humo. Naamini Bunge linapaswa kuweka utaratibu wa kufuta rekodi za makosa madogo baada ya miaka kadhaa. Kwa sasa tunawaelekeza wengi kwenye jua kali, yaani kazi za kujiajiri zisizo rasmi, ambako mteja huikagua kazi yenyewe.

Hata hivyo, mafunzo yaliyo magumu zaidi ni ya wale wanaompokea anayetoka gerezani. Huduma ya Probesheni hufuatilia vijana waliotoka borstal (taasisi za kurekebisha vijana wahalifu), waliofungwa vifungo virefu na wenye maradhi ya akili. Wale wa vifungo vifupi, wanaoingia na kutoka kwa wingi, kwa kawaida hutoka bila mtu wa kuwafuatilia. Kwa hao sisi huenda nyumbani kabla yao. Tunaketi na mama, ndugu, mzee wa mtaa na chifu, na tunauliza waziwazi: atalala wapi, shamba lake analilima nani sasa, mkewe yuko wapi, na aliyekosewa anasemaje? Aliyekosewa asipoulizwa mapema, anayerudi huonekana kama amekuja kumdharau. Pengine jibu la kikao huwa kwamba asirudi kijiji kile kwa sasa, nasi tunaliheshimu. Kwa wanawake kikao hiki hakiepukiki, kwa sababu mtoto huruhusiwa kukaa na mama gerezani hadi miaka minne tu, na baada ya hapo hulelewa na watu ambao huenda wasitake kumrudisha.

Baada ya hapo ndipo tunapomtafutia anayetoka fundi mwenyeji mwenye karakana. Atafanya kazi kwake kwa miezi michache huku akitumia vifaa vya mradi, ambavyo atavilipia kidogo kidogo hadi viwe vyake. Fundi mwenyeji huambiwa ukweli wote kabla ya kukubali, kosa lenyewe likiwemo, kwa idhini ya anayetoka. Wapo wanaokataa papo hapo, na hatuwalazimishi. Anayekubali akiwa ameshajua hashtuki jirani anapomletea habari, na mara nyingi yeye ndiye huwa wa kwanza kumtetea mwanafunzi wake mbele ya wateja.