Je, wajua uchumi wa nchi unawezaje kukua kwa robo ndani ya siku moja?

Tarehe 30 Septemba 2014, Kenya ilitangaza kwamba uchumi wake ni mkubwa kwa asilimia 25.3 kuliko ulivyokuwa ukidhaniwa. Pato la mtu mmoja kwa mwaka 2013 likatoka dola 994 hadi 1,246, na nchi ikavuka mstari wa Benki ya Dunia unaotenganisha nchi za kipato cha chini na zile za kipato cha kati cha ngazi ya chini. Hakuna kiwanda kilichofunguliwa siku hiyo, na kilo ya unga dukani iliuzwa kwa bei ileile ya jana yake. Mtu akisikia habari kama hiyo, jambo la kwanza analouliza ni hili: sasa hizo pesa ziko wapi?

Haziko popote, kwa sababu ukubwa wa uchumi hupimwa kwa pato la taifa, na pato la taifa si pesa zilizowekwa mahali. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tupatazame vizuri.

Pato la taifa si makusanyo ya serikali. Kodi inayokusanywa Tanzania au Kenya haifiki hata robo ya pato la taifa la nchi husika. Sehemu kubwa iliyobaki inapita mikononi mwa wakulima, wafanyabiashara, wafanyakazi na kampuni, na Hazina haiioni. Pato la taifa si utajiri pia. Dhahabu ambayo bado imelala chini ya ardhi kule Geita haimo. Ujenzi wa nyumba ya mwaka 1990 ulihesabiwa wakati inajengwa, basi. Chukua kiwanja cha Kigamboni kilichouzwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara kwa bei ya juu zaidi. Mamilioni yamebadilisha mikono, watu wametajirika, lakini kinachoingia kwenye pato la taifa ni ujira wa dalali, wa mwanasheria na wa wengine waliofanya kazi katika mauzo hayo. Ardhi yenyewe haikuzalishwa na mtu. Kinachopimwa ni thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja au robo mwaka.

Tena si jumla ya mauzo yote, na kosa hili hata watu makini hulifanya. Tuseme mkulima anauza mahindi kwa shilingi 60,000. Mwenye mashine ya kusaga anayanunua na kuuza unga wake kwa 90,000. Mama lishe ananunua unga huo pamoja na mkaa wa 20,000 kwa mtu aliyeuchoma mwenyewe bila kununua chochote. Anasonga ugali na kuuza sahani zake kwa jumla ya 200,000. Ukijumlisha mauzo yote unapata 370,000. Lakini hapo mahindi umeyahesabu mara tatu: yakiwa punje, yakiwa unga, na yakiwa ugali. Mtakwimu anachukua kile alichoongeza kila mmoja tu. Mkulima 60,000, mwenye mashine 30,000, mchoma mkaa 20,000, mama lishe 90,000. Jumla ni 200,000, sawasawa na walichotoa walaji kwenye sahani zao.

Ulingano huo haukutokea kwa bahati. Unaweza kujumlisha thamani iliyoongezwa na kila mzalishaji, au matumizi ya wanunuzi wa mwisho, au mapato ya wote walioshiriki, yaani mishahara, faida na kodi, na kinadharia njia zote tatu zinafika palepale. Kwa vitendo hazifiki palepale, kwa sababu takwimu zina mapengo. Tanzania na Kenya zinaegemea zaidi njia ya uzalishaji.

Sasa rudi kwa mama lishe. Hana mashine ya risiti wala daftari la mahesabu, na hakuna ofisa anayepita jioni kuhesabu sahani. Tumejuaje kwamba ameongeza 90,000? Hatujui. Tunakadiria, na makadirio hayo ndiyo yanayoeleza ile asilimia 25 ya Kenya.

Kila baada ya miaka kadhaa, ofisi ya takwimu inafanya kazi kubwa ya kupima uchumi kwa undani: tafiti za mapato na matumizi ya kaya, tafiti za nguvu kazi, sensa ya watu, orodha ya viwanda na biashara. Humo inapata picha ya watu wangapi wanapika chakula cha kuuza, wastani wa anachobaki nacho kila mmoja, na kila shughuli inachukua sehemu gani ya uchumi. Mwaka uliopimwa hivyo unaitwa mwaka wa kizio. Miaka inayofuata hakuna upimaji wa kina kiasi hicho. Ofisi inachukua kipimo cha mwaka wa kizio na kukisogeza mbele kwa kutumia dalili zinazopatikana kwa urahisi: tani za saruji, uniti za umeme, mizigo bandarini, dakika za simu, wanafunzi waliosajiliwa. Kwa shughuli zisizo rasmi, mara nyingi dalili iliyopo ni ongezeko la watu tu.

Ni kama mzazi anayemshonea mtoto sare za shule kwa vipimo ambavyo fundi alivichukua alipokuwa darasa la kwanza. Kila mwaka fundi anaongeza inchi moja kila mahali bila kumwona mtoto. Mwaka wa pili sare inakaa vizuri tu. Kufika darasa la sita kiuno kinapwaya, mikono inaishia kwenye viwiko, na mabegani hata haivaliki, kwa sababu mwili haukui sawasawa kila upande. Siku mtoto atakapopelekwa kupimwa upya, namba zitaruka. Wala hajakua siku hiyo.

Mwaka wa kizio wa Kenya ulikuwa 2001, na mwaka 2014 ukabadilishwa kuwa 2009. Katikati hapo M-Pesa ilizaliwa, Machi 2007. Vipimo vya mwaka 2001 visingeweza kuwa na nafasi ya wakala wa pesa kwa simu, mtu ambaye leo yuko kila kona.

Nigeria ilikwenda mbali zaidi. Ilikuwa bado inatumia vipimo vya mwaka 1990, kabla simu za mkononi hazijaenea na kabla tasnia ya filamu ya Nollywood haijawa ajira ya watu wengi. Aprili 2014 ilipohamia mwaka 2010, idadi ya shughuli za kiuchumi zinazopimwa ikatoka 33 hadi 46, na pato la taifa likapanda kwa asilimia 89, hadi karibu dola bilioni 510. Nigeria ikaipita Afrika Kusini na kuwa uchumi mkubwa kuliko wote barani. Mawasiliano ya simu, yaliyokuwa chini ya asilimia 1 ya uchumi kwa vipimo vya zamani, yakaonekana kuwa karibu asilimia 9. Ghana ilikuwa imepitia jambo kama hilo Novemba 2010, ongezeko likiwa la zaidi ya asilimia 60.

Tanzania ilifanya yake mara mbili kwa karibu. Desemba 2014 ilihama kutoka 2001 kwenda 2007, na pato la mwaka 2007 likaonekana kubwa kwa asilimia 27.8. Februari 2019 ilihamia 2015, na safari hii pato la mwaka huo likapanda kwa asilimia 3.8 tu, kutoka shilingi trilioni 90.9 hadi 94.3. Miaka iliyopita kati ya vizio ilikuwa sita mara ya kwanza na minane mara ya pili, kwa hiyo urefu wa muda peke yake hauelezi tofauti hiyo. Kinachoamua ni kiasi gani cha uchumi kilikuwa hakionekani kabisa kwenye vipimo vilivyotangulia.

Je, ni ujanja wa wanasiasa? Ukubwa mpya wenyewe si ushahidi wa ujanja. Ofisi ikibadilisha kizio inapaswa kurekebisha na miaka ya nyuma, ili mstari wote upande pamoja. Ukuaji wa Kenya wa mwaka 2013 ulirekebishwa kutoka asilimia 4.7 hadi 5.7, si hadi 25. Udanganyifu unaingia pale mtu anapochukua namba ya zamani ya mwaka mmoja na namba mpya ya mwaka mwingine, akazilinganisha jukwaani na kusema tazameni tulivyopaa. Jedwali lolote la pato la taifa linastahili kusomwa kuanzia kichwani, pale palipoandikwa mwaka wa kizio na kama bei zilizotumika ni za mwaka huo wa kizio au za kila mwaka unaopimwa.

Mfumo huu si wa kale. Mchumi Simon Kuznets aliwasilisha makadirio yake ya pato la taifa kwa Bunge la Marekani mwaka 1934, na humo humo akaonya kwamba ustawi wa watu hausomeki kwenye namba hiyo. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wake wa kwanza wa kupima pato la taifa mwaka 1953. Kabla ya hapo, miaka ya 1940, mchumi Phyllis Deane alikuwa ameujaribu mfumo huu vijijini katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, akakutana na swali ambalo halijaisha: kazi isiyolipwa ihesabiwe vipi?

Jibu la mwongozo wa sasa linashangaza. Mahindi uliyolima ukala mwenyewe yanahesabiwa. Maji ya kisimani na kuni za porini, kwa mujibu wa mwongozo, navyo ni uzalishaji. Lakini mwanamke yuleyule akishafika nyumbani, akawasha kuni zile na kupika kwa maji yale, kazi yake inatoka nje ya hesabu. Yaya anayelipwa mshahara kulea mtoto yumo, bibi anayemlea mjukuu hayumo. Anayeishi kwenye nyumba yake anakadiriwa kodi ya pango kama vile anajilipa mwenyewe, na kodi hiyo inaingia. Hoja ya wataalamu ni kwamba kazi za nyumbani hazina bei ya soko iliyo wazi, na zikiingizwa zitafunika mabadiliko mengine. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu pango la nyumba isiyopangishwa nalo halina bei, na bado linakadiriwa.

Upande wa kilimo ndiko ushahidi ulipo mwembamba zaidi. Makadirio ya mavuno ya wakulima wadogo hutegemea sana maafisa ugani, na afisa mmoja ana vijiji vingi. Mazao yanayovuka mpaka kwa njia za panya hayaandikwi popote. Watafiti wengine wamejaribu kulinganisha takwimu rasmi na mwanga wa usiku unaoonekana kwa satelaiti. Ni ukaguzi mzuri mijini, ila shamba la muhogo haliwaki taa.

Namba ikibadilika, maamuzi yanabadilika nayo. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inataka deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa. Nchi yenye deni la asilimia 50, pato lake likipimwa upya na kuongezeka kwa robo, inajikuta na asilimia 40 bila kulipa hata senti, na inaweza kukopa tena. Kwa upande mwingine, makusanyo ya kodi yaliyokuwa asilimia 15 ya pato la taifa yanakuwa 12, na wakopeshaji wanaanza kuuliza kwa nini makusanyo ni hafifu. Tarehe 1 Julai 2020 Tanzania iliingia kundi la kipato cha kati cha ngazi ya chini. Kipimo hapo kilikuwa pato linalojumuisha pia mapato ya Watanzania kutoka nje na kuondoa ya wageni waliomo nchini, nalo lilikuwa dola 1,080 kwa mtu, wakati mstari ulikuwa dola 1,036. Pengo hilo la dola 44 ni kama asilimia 4, karibu sawa na kile kilichoongezwa na upimaji mpya wa mwaka 2019.