Wanawake hawapigi makasia nusu ya umbali

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa wapiga makasia wa kike, wakiwemo Wagiriki waliotwaa medali za Olimpiki, hushindana mita 1,000 tu, nusu ya wanaume. Si kweli. Tangu Olimpiki ya 1988 wanawake hupiga mita 2,000, sawa na wanaume.

Mkanganyiko unaeleweka. Walipoingia Olimpiki mwaka 1976 walipangiwa mita 1,000, ikabaki hivyo hadi 1984, na orodha za miaka hiyo bado zinasambazwa bila tarehe. Wengine huchanganya na uzani mwepesi, lakini kikomo chake kilikuwa cha kilo, wala si cha umbali: kwa wanawake mpigaji asizidi 59, wastani wa jozi usizidi 57.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua matokeo, tazama muda uliopimwa kila mita 500. Ukikuta vipande vinne, ni mita 2,000. Jozi ya Ugiriki ya uzani mwepesi ilipata shaba London 2012 kwa dakika 7 na sekunde 12. Mita 1,000 zingechukua takribani nusu ya muda huo.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia, mrudishie matokeo yenye vipande vyote vinne.