Je, wajua kwa nini hidridi ya bati (kiwanja cha bati kinachotoa hidrojeni) hudondoshwa kwa saa nne badala ya kumiminwa mara moja?

Kwa sababu hidridi hiyo inayoendesha kazi ya kufunga pete ya atomi ndiyo pia inayoweza kuiharibu.

Chukua njia ya wanakemia Ueno na Stork ya miaka ya 1980. 2-sikloheksenoli, etili vinili etha na NBS (kitoa bromini) huchanganywa kwenye baridi, ikapatikana bromoasetali, yaani asetali (kaboni iliyoshika oksijeni mbili) yenye bromini. Milimoli 1 yake (gramu 0.249) huyeyushwa katika mililita 50 za tolueni, ikapitishiwa nitrojeni dakika 30, kisha ikachemshwa. Oksijeni ikibaki, huzidaka radikali (chembe zenye elektroni moja isiyo na mwenzi) kabla hazijafanya lolote.

Radikali ya bati hung'oa bromini. Kaboni inayobaki na elektroni moja hugonga bondi maradufu ya sikloheksini, tena kwenye kaboni ya karibu, maana mnyororo ni mfupi mno kuifikia ile ya mbali kwa pembe inayofaa. Matokeo ni pete ya atomi 5 yenye oksijeni, iliyoungana na ile ya atomi 6. Muungano huwa wa cis (yaani wa upande mmoja), kwani mnyororo huo unafika kwa upande mmoja tu: ule ulioshika oksijeni.

Lakini radikali hiyo inaweza pia kunyakua hidrojeni kabla haijajifunga. Radikali ya 5-heksenili, kipimo cha kawaida cha kasi hizi, kwa nyuzi 25 hujifunga kwa takriban 2.3 × 10⁵ kwa sekunde. Kunyakua hidrojeni ya hidridi ya bati ni 2.4 × 10⁶ kwa sekunde kwa kila mola kwa lita. Hidridi ikifika mola 0.1 kwa lita, njia hizo mbili zinatoshana nguvu. Ukimimina milimoli zote 1.2 za hidridi (gramu 0.349) kwa mkupuo, unaanza na mola 0.024 kwa lita, na kwa kasi hizo pete inaongoza kama 4 kwa 1 tu. Ikidondoshwa, huliwa karibu papo hapo inapoingia. AIBN (miligramu 16), kianzishi cha radikali, nayo idondoshwe pamoja nayo, kwa kuwa kwenye tolueni inayochemka huisha kwa dakika chache.

Usitegemee spektra ya masi kujua nani ameshinda: zao lililofungwa na lililokosa kufungwa yote ni C₁₀H₁₈O₂. Tazama NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni za molekuli); protoni za bondi maradufu, karibu na 5.8 ppm, zikiwapo bado, pete haikufungwa yote.

Mabaki ya bati ni sumu. Koroga na maji yenye floridi ya potasiamu, yageuke unga mweupe, uchuje. Silika ya kusafishia zao nayo itulizwe kwa trietilamini kidogo, la sivyo asidi yake huivunja asetali.